Mcheza Kwao

Chumba cha kumi na moja hakina dirisha.
Taa zake zimefinywa, mwanga wa kibatari kinachoishiwa mafuta,
kwa sababu rangi hizi, alinieleza Senga,
hazijashikwa na gundi.
Zimekaa tu juu ya karatasi
kama unga juu ya kibao cha chapati.
Lori likipita kwa kishindo, zinaweza kupukutika.
Ukipiga chafya, Mungu apishe mbali.

Chaki, basi.
Miaka kumi na minne nimeila, darasa la nne, Singida,
nikifundisha robo na theluthi,
jioni nakohoa nyeupe,
sketi nyeupe kiunoni nilipojifutia mikono.
Sikujua kuwa chaki hiyohiyo
ikitiwa waridi, ikitiwa samawati,
ikasuguliwa kwa kidole gumba cha Mfaransa fulani,
hukatiwa bima,
huwekewa mlinzi.

Mlinzi ni mimi.
Glasgow, Jumanne, manyunyu yasiyo na adabu,
suti ya bluu, redio ikinong'ona kiunoni,
na hawa wanne ukutani ndiyo zamu yangu.

Wageni huingia wakitafuta ngoma.
Husimama, huinamisha shingo: mbona hawachezi?
Kweli, hawachezi.
Mmoja anajikuna mgongo pale utepe ulipobana.
Mmoja anapiga mwayo, mdomo wazi wote,
na mchoraji hakujisumbua na meno.
Wa tatu yuko kwenye benchi, amejikunja,
anakanda kifundo cha mguu kwa vidole vyote kumi
kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele.
Wa nne amekatwa na ukingo wa karatasi:
tumeachiwa kiwiko na nusu ya sketi,
mwenyewe katoka, labda kaenda kunywa maji.

Wamechoka hivyo zaidi ya miaka mia,
tena wengine wamekaa.
Mimi ninayewalinda ndiye niliyesimama, saa saba kwa siku,
vifundo vimeumuka kama mahamri.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyoambiwa.
Hawa hawachezi, wala hapa si kwao, na wanatunzwa:
nyuzi kumi na tisa za joto, unyevu wa kupimwa,
kioo kisichorudisha sura ya mtu.
Neno ni hilo moja, kutunza.
Nililijua likiwa noti iliyobandikwa
kwenye paji la uso lenye jasho.

Senga ni wa karakana ya karatasi.
Jina lake ni Agnes lililosomwa kinyumenyume;
mama yake alitaka hivyo, hakueleza.
Siku moja aliniita, akamulika chini, ndani ya fremu:
chembe moja ya waridi, ndogo kuliko ufuta.
Imeanguka.
Kutoka wapi? Shavuni? Kisiginoni?
Hakujua. Aliandika tarehe kwenye daftari.
"Hairudi," akasema, akazima tochi.

Halafu jana, mtoto.
Miaka tisa hivi, nywele zimefungwa kitutu,
mama yake chumba cha pili akiita, Iona, Iona.
Picha hata hakuitazama.
Aliketi sakafuni chini yake, akavua kiatu cha shule,
akaanza kukanda kifundo.
Shingo ileile. Mfupa uleule nyuma ya sikio.
Kukaa sakafuni ni marufuku.
Redio ikauliza, kumi na moja, salama?
Nikajibu, salama.

Akainuka, akapiga mguu chini kuupima,
mara moja, na tena.
Ubao ukatetemeka, kioo kikatetemeka, nami.
Alipokwisha kwenda nikainama kwenye fremu:
moja? Mbili?
Taa ni ndogo, na macho haya yamesahihisha madaftari mengi.

Sikumwambia Senga.
Nilijifuta mikono kiunoni, mazoea tu,
na kwenye suti ya bluu hakikubaki kitu.